Maziwa ya Kupima

Jumatatu, Machi 4, 1996

"Andika," Nesi Ayuma ameniambia leo kliniki. "Kila chupa, saa ngapi, amekunywa kiasi gani, amelia ama hakulia. Usinijie hapa na nadhani, nadhani."

Jibu lake nilikuwa nalo tayari ulimini, lakini alikuwa amemweka mtoto wangu kwenye mzani, na mtu aliyemshika mtoto wako huwezi kujibizana naye. Basi nimechukua daftari la vipimo vya wateja wangu wa sare za shule, nikaligeuza, nikaanzia nyuma.

Mtoto: Nahashon, wiki tatu, kilo tatu na robo. Mama yake: Mirriam, mdogo wangu. Damu ilikataa kusimama siku aliyomzaa, tukamzika nyumbani Vihiga. Baba yake: hajaonekana tangu Desemba, na akionekana nitamvunja mguu. Mlezi: mimi, Elsie Kageha, fundi wa cherehani, mke wa Jackton wa karakana ya reli, nyumba za reli Muthurwa. Miaka tisa ya ndoa, na huyu ndiye mtoto wa kwanza kulala kitandani mwangu. Nahashon lilikuwa jina la baba yetu, kwa hiyo kwa desturi yetu namwita Mzee. Jackton hucheka. Anasema hajawahi kuona mzee asiyeweza kushika shingo yake mwenyewe.

Maziwa: kopo la bluu. Nyuma ya kopo wameandika kwamba kwa kila mstari wa maji kwenye chupa unatia kijiko kimoja. Kijiko ni kidogo, cheupe, kinakuja ndani ya kopo lenyewe.

Jumatano, Machi 6

Chupa saba. Amecheua zote. Joto kali, mvua bado.

Jumapili, Machi 10

Gesi. Alianza saa kumi alasiri, akalia mpaka jua likazama. Anavuta magoti tumboni, anakunja ngumi, uso unakuwa mwekundu kama mtu anayegombana. Nilifanya yote aliyoyasema Nesi Ayuma. Chupa niliiinamisha shingo yake ijae maziwa ili asimeze hewa. Nilimweka begani nikampigapiga mgongo. Nilimlaza nikamzungusha miguu kama mwendesha baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyofanya kazi. Aliachilia upepo mmoja ambao Jackton aliusikia akiwa nje, tukacheka sote wawili mpaka machozi.

Nabiswa, jirani wa mlango wa kulia, mama wa watoto sita, alichungulia bila kubisha. "Mpatie gripi wota, Mama Nahashon. Kama huna, chemsha majivu kidogo, chuja."

Nilimwambia majivu akasugulie sufuria zake. Lakini nimeandika hapa kwamba ndiye mtu wa kwanza kuniita Mama Nahashon.

Jumatano, Machi 13

Mvua ya kwanza. Pia nimempiga Nabiswa.

Wote tulikuwa na mitungi kwenye foleni ya bomba. Yeye akaja na ndoo tatu, akajipenyeza mbele, akasema ana watoto sita na mimi nina mmoja wa kuazima. Sikumbuki mkono ukiondoka. Nakumbuka kofi, kisha ngumi, kisha jino lake likiwa kwenye tope jekundu, na wanawake wakitushika kama ng'ombe. Mkono wangu ni mwepesi, hilo linajulikana kutoka hapa hadi Shauri Moyo. Marehemu baba alisema nitakuja kuozea jela. Nimemwambia Jackton kwamba mtoto wangu si wa kuazima na atakayerudia atafuata jino.

"Elsie," akasema, "ungemwambia tu."

Huyu mwanamume amezaliwa bila nyongo.

Jumanne, Machi 19

Leo wamemshika mwizi wa nguo kwenye kamba, nyuma ya mstari wetu wa nyumba. Mtu mzima mwenye ndevu. Walianza na mateke, wakaja na mawe. Nilikuwa nimembeba Mzee mgongoni, lakini kubeba mtoto hakumzuii mtu kurusha jiwe dogo. Langu lilimpata begani. Alikuwa anasema jambo, sikusikia ni jambo gani. Polisi walipokuja alikuwa hasemi tena.

Jackton hakula jioni. Mimi nilikula. Mwenye kuiba sare niliyokesha nikiishona hanitii huruma.

Jumatano, Machi 27

Kopo la bluu linafika mwisho na madukani limepotea. Nimezunguka hadi Gikomba nikiwa na Mzee chini ya mwavuli. Liko kopo la kijani la soya, lakini Nesi Ayuma alisema hilo ni la watoto ambao matumbo yamekataa maziwa kabisa, na wangu hajakataa. Nabiswa, ambaye sasa anaongea na ukuta ili mimi nisikie, ameuambia ukuta kwamba wake wote sita walikunywa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na hakuna aliyekufa. Liko pia kopo la manjano. Hilo linauzwa na Munyoki pale langoni.

Munyoki ni Mkamba mwembamba mwenye kibanda cha mabati. Anauza kila kitu kwa kupima: mafuta ya kupikia, sukari, majani ya chai, sabuni iliyokatwa vipande, mafuta taa. Sasa ameanza na maziwa ya watoto. Anafungua kopo kubwa, anakupimia ya siku tatu kwenye mfuko wa nailoni. Nesi Ayuma alikataza. Alisema maziwa ya mtoto hayanunuliwi kama njugu.

Ijumaa, Machi 29

Jackton leo ametafuta kifo. Alisema labda Mzee apelekwe kwa mama yangu Vihiga, kule kuna ng'ombe, na mimi nipumzike. Nipumzike! Nilishika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kopo la bluu, nikamtupia. Lilimpiga kwenye paji la uso likapasua ngozi. Kifuniko kikafunguka, unga uliobaki ukamwagika nusu, na kile kijiko kidogo kikaruka mlangoni hadi kwenye mtaro. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Nilikifuata bila viatu lakini maji yalikwisha kukichukua kuelekea mtoni.

Jackton alikaa kitandani na kitambaa kichwani. "Sijasema tumtupe," alisema. "Nimesema umechoka."

Nilimshona mwenyewe kwa plasta. Sikuomba msamaha kwa mdomo.

Jumatatu, Aprili 1

Nimenunua kwa Munyoki. Sikuwa na njia, kilichobaki kwenye kopo kimeisha. Kopo la manjano alilifungua mbele ya macho yangu, likapiga ile sauti ya hewa, kwa hiyo najua lilikuwa jipya. Akapima. Akanipa na kijiko chake, kikubwa, cha manjano. Halafu akaanza kunifundisha. "Ngoja, mama. Hii si kama ile yako ya bluu. Hii kijiko moja ni ya mistari mbili."

Nikamuuliza, "Munyoki, wewe umezaa?"

"Nimezaa, mama. Nzomo, ana miezi nne."

"Basi nenda ukamnyonyeshe. Wangu usinifundishe."

Foleni nzima ilicheka, hata yeye akacheka, maskini, akiwa na mizani mkononi. Nimemweleza Jackton hadithi hiyo mara mbili.

Nyumbani nimemimina unga kwenye kopo langu la bluu lililobonyea, kwa sababu lina kifuniko na mende hawaingii.

Jumanne, Aprili 2

Chupa sita. Kila mstari kijiko, kama kopo linavyosema. Haya ni maziwa, si yale maji ya mwanzo. Mazito, yanang'ang'ania chupa. Mtoto atanenepa.

Ijumaa Kuu, Aprili 5

Gesi imerudi na ndugu zake. Tumbo limekaza kama ngoma ya kanisa. Baiskeli haifanyi kazi. Hajapata choo tangu juzi. Nilikosa ibada.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 7

Analia, nampa chupa, anaivamia kama hajawahi kunywa, kisha analia tena. Nimenunua gripi wota. Amekunywa kijiko, akanyamaza dakika kumi. Jackton amembeba kwa tumbo juu ya mkono wake, uso ukitazama chini, akitembea naye kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi. Wimbo wa Pasaka ulikuwa unasikika kutoka kanisani na sisi tunatembea.

Mlango wa tatu Opicho amempiga mkewe mpaka akatoka nje uchi kwenye mvua. Hakuna aliyefungua mlango. Mimi nilikuwa na mtoto mikononi.

Alhamisi, Aprili 11

Kliniki. Ameongezeka kidogo tu. Nesi Ayuma alimbonyeza tumbo, akaangalia midomo. "Imekauka. Anakunywa maziwa gani?"

"Ya kopo la bluu," nikasema, na kulitoa kopo mfukoni. Lilikuwa la bluu kweli.

"Unachanganya vile wameandika?"

"Vile wameandika."

Alinitazama sana. Akasema nimpe maji yaliyochemshwa katikati ya chupa, na nirudi baada ya wiki moja. Sikuweza kumwambia nanunua kama njugu. Afadhali anione mwongo moyoni mwake kuliko anione maskini mbele ya foleni.

Jumapili, Aprili 14

Mvua. Choo cha mstari wetu kimefurika, maji yake yanapita mlangoni. Maji ya bomba yana rangi ya chai. Siku nzima nachemsha, mafuta taa yanaisha, na maji safi yote nayatia kwenye chupa za maziwa. Ya kumpa matupu hayabaki.

Jumatatu, Aprili 15

Analia.

Jumanne, Aprili 16

Nimemtikisa. Naandika kwa sababu Nesi alisema niandike kila kitu. Saa nane mchana, baada ya saa tatu za kelele, nilimshika kwenye mabega nikamtikisa mara moja nikimwambia, "Unataka nini kwangu?" Kichwa kilienda nyuma. Alinyamaza kwa mshangao. Nilimweka kitandani, nikatoka nje, nikakaa kwenye mvua juu ya jiwe la kufulia. Nabiswa alitoka. Nilidhani amekuja kulipiza jino. Aliingia kwangu, akamchukua Mzee, akakaa naye mpaka jioni. Nilisikia akimwimbia Kibukusu.

Sikujua kwamba chuki inaweza kukaa nyumba moja na jambo kama hilo.

Alhamisi, Aprili 18

Sikurudi kliniki kama nilivyoambiwa, niliogopa kuulizwa kopo tena. Mtoto wa mlango wa tano anaharisha sana. Jana alikuwa wa mlango wa saba. Bombani wanasema ni maziwa. Wanasema wafanyabiashara wanachanganya unga wa maziwa na chokaa ili uzito uongezeke. Nani amesema? Kila mtu amesikia kutoka kwa mwingine. Kufika jioni walikuwa wanamtaja Munyoki kwa jina. Mimi niliwasha taa nikaangalia unga wangu, nikausugua kwenye vidole. Ulikuwa mweupe. Chokaa nayo ni nyeupe.

Sasa nimejua. Ni yeye. Zaidi ya wiki mbili mtoto wangu anakunywa ukuta.

Ijumaa, Aprili 19

Sikununua kwake tena, lakini uliobaki nampa huohuo, hakuna mwingine. Mzee hanyanyui macho.

Jumatatu, Aprili 22

Nitaandika yote.

Saa moja asubuhi Mzee aligeuza macho yakawa meupe. Mkono mmoja ukaanza kupiga, tok tok tok, kama cherehani, kisha mguu, kisha mwili wote ukakakamaa. Nilimkimbiza kliniki kifuani bila kumvalisha. Nesi Ayuma alinipokonya, akapiga kelele, wakaja wawili, wakampeleka wodi ya watoto ya hospitali hukohuko, ghorofa ya juu, wakatafuta mshipa kichwani kwa sindano mara tano. Mara ya tano walipata. Dripu ikaanza. Nesi akasema, "Nenda ulete kopo, kijiko na chupa. Vyote. Sasa hivi."

Mimi nilisikia neno kopo. Nikaona ni kweli, ni sumu, wanataka kuipima.

Nilitoka nikikimbia. Nilifika nyumbani, nikachukua kopo, kijiko na chupa, nikatia chupa na kijiko mfukoni. Kopo nililishika mkononi. Na njia ya kurudi inapita langoni.

Munyoki alikuwa anampimia mama mmoja sukari. Aliniona, akatabasamu, akasema, "Mama, Mzee anaendeleaje?" Nilimpiga na kopo usoni. Kwa ukingo. Akaanguka kwenye magunia yake. Nikamvuta nje kwa shati, na nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo: "Ameua mtoto! Huyu anauza chokaa! Ameua mtoto wangu!"

Mtoto hakuwa amekufa. Nilisema ameua.

Walikuja kutoka kila upande. Wenye mikokoteni walikuja na vyuma vya mikokoteni. Baba wa mlango wa tano alikuja na jembe. Opicho, yule wa kumpiga mke, alikuja na tofali. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Munyoki alipiga magoti kwenye tope, mikono juu, akisema, "Nisikizeni, nisikizeni, ni kijiko, muulizeni kijiko," na tofali likampata kinywani. Baada ya hapo hakusema kitu kinachoeleweka. Jembe lilimpata mgongoni. Nilisikia sauti ya mfupa, kama mtu anavunja kuni mbichi. Mtu akamwaga mafuta taa ya Munyoki mwenyewe kwenye kibanda, kikashika moto hata mvua ikinyesha. Wengine wakasema yeye pia atiwe ndani.

Hapo ndipo Nabiswa alipopita chini ya mikono yao, mwili wake wote mkubwa, akalala juu ya Munyoki. "Muniue mimi kwanza! Nina sita! Nani atawalea, nyinyi?" Rungu la kwanza lilikuwa limeshateremka, likampata bega. Hakuinuka. Alinitafuta kwa macho kati ya miguu ya watu. "Elsie, waambie waache! Wewe ndiye uliwaita!"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sikusema kitu. Nilikuwa bado nataka apigwe.

Polisi walipiga risasi mbili hewani, watu wakatawanyika. Nilirudi hospitalini mbio. Kopo lilikuwa na damu, nikaliosha kwenye mtaro wa mvua.

Jumanne, Aprili 23

Mzee yuko hai. Degedege imepungua. Anakojoa.

Jana sikuandika mwisho wake, mkono ulikataa. Naandika leo.

Nesi Ayuma alichukua vile vitu, akaviweka juu ya meza. "Nitengenezee chupa nione," akasema. Nilimwambia maziwa haya ni sumu, mwenye nayo ameshapata yake. Akasema, "Tengeneza."

Nikatia maji, mistari minne. Nikatia kijiko kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikatikisa. Yeye alikuwa anatazama kijiko tu.

"Hiki umetoa wapi? Kopo la bluu lina kijiko kidogo."

Nikasema ukweli. Unga ni wa manjano, wa kupima. Kopo ni la kuhifadhi tu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifungua kabati, akatoa kopo la manjano jipya, akaligeuza nyuma, akaweka kidole. Mistari miwili ya maji, kijiko kimoja. Akachota unga wangu, akauonja kwa ulimi, akachota wake, akauonja. "Haya ni maziwa, Elsie. Mazuri tu. Umemtilia mara mbili. Tumbo limejaa gesi kwa sababu limeshindwa, na kiu imemkausha mpaka kwenye ubongo. Alikuwa analilia maji."

Nilimuuliza kama kuna chokaa. Akasema tena, polepole, "Haya ni maziwa."

Jumatano, Aprili 24

Munyoki yuko hospitali hiihii, wodi ya wanaume, ghorofa ya chini. Niliteremka. Nilisimama mlangoni. Uso wake haukuwa uso. Kando yake amekaa mke wake, na kwenye mapaja ya mke mtoto mnono, mashavu yamejaa, anakunywa chupa. Ni Nzomo. Aliimaliza, mama yake akamweka begani, akacheua.

Nikapanda ngazi tena.

Alhamisi, Aprili 25

Amekufa saa nne asubuhi.

Jumamosi, Aprili 27

Mzee ameruhusiwa. Chupa saba, ya manjano, mistari miwili kijiko kimoja. Amepata choo. Tumbo limelainika.

Mstari wetu umetulia sana. Bombani wananipisha niteke kwanza. Baba wa mlango wa tano amenisalimia, "Shujaa." Nimejaza mtungi wangu nikaondoka, maji yakimwagika miguuni. Nesi alikuwa amemwambia Jackton kwamba watoto wa mlango wa tano na wa saba walikunywa maji ya bomba yaliyoingiliwa na choo. Wala hawanywi maziwa ya kopo.

Nabiswa bega limefungwa kwa leso. Nilimpelekea chai. Alionyesha meza kwa mkono wa kushoto, akasema, "Niwekee hapo, Mama Nahashon." Nilitaka anitukane.

Jumapili, Aprili 28

Leo nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nilikuwa natafuta siku ambayo ningejua. Nikaifikia Aprili 1.

Iko pale. Kwa mwandiko wangu, bila kosa hata moja: hii kijiko moja ni ya mistari mbili. Aliniambia. Nikamchekesha mbele ya watu, kisha nikaja nyumbani nikaandika kwa sababu nilipenda sana jibu langu.

Na pale kwenye tope alikuwa ananiambia tena.

Nimemwonyesha Jackton. Alisoma akiwa amesimama, kovu la kopo likiwa kwenye paji la uso. Akakaa. Akalia kama mtoto, yule mwanamume niliyeandika kwamba hana nyongo. Mimi sikulia. Nilitazama mikono yangu, nikaiogopa.

Alhamisi, Mei 2

Nimeenda kwa mke wa Munyoki, chumba chao kiko ng'ambo ya barabara. Walikuwa wanafunga virago, mwili unapelekwa kwao Mwala kesho. Wazee wawili wa ukoo walikuwa nje. Nilimwambia mimi ni nani. Akasema, "Nakujua. Ulisimama mlangoni."

Nilimpa daftari, nikamwekea kidole. Alisoma. Alisoma tena. Nikapiga magoti nikamwambia, "Nipige. Chukua chochote unipige nacho, sitainua mkono."

Alimhamisha Nzomo bega moja hadi jingine. "Nikupige ndio nini? Ndio ulale vizuri?" Akanirudishia daftari. "Usiniambie mimi. Mimi nilijua mume wangu hauzi chokaa. Waambie wale uliowaita. Uwaite na ile sauti uliwaita nayo."

Jumamosi, Mei 4

Mvua imekatika. Saa nne asubuhi nilisimama mahali pa kibanda, kwenye majivu na mabati yaliyokunjamana. Jackton alikuja, nami nikamwambia akae kando na mtoto. Nikapiga kelele. Ile ile sauti, nilihakikisha.

"Munyoki hakuuza chokaa! Maziwa yalikuwa mazuri! Mimi ndiye niliyekosea kupima! Aliniambia nikakataa! Nilisema ameua na mtoto yuko hai, huyu hapa!"

Siku ile nilipopiga kelele ya uongo walikuja zaidi ya mia. Leo walikuja wanne. Mmoja alikuwa Nabiswa. Wa pili alikuwa mke wa Opicho, jicho limevimba. Wa tatu, baba wa mlango wa tano, alisikiliza nusu, akasema, "Sasa hiyo itatusaidia nini? Nyamaza, mama, utatuletea polisi," akaondoka. Wa nne aliniuliza kama najua nani anapewa nafasi ya kibanda.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Watu walipita na mizigo yao.

Kisha nikaenda kituoni. Afisa aliniambia faili inasema umati, na umati hauna jina. Nikamwambia una jina, aandike Elsie Kageha. Alinitazama, akaangalia daftari, akasema nirudi nalo Jumatatu, nije na mtu wa kubaki na mtoto.

Jumapili, Mei 5

Jua. Nimefua nepi, zote zimekauka.

Jioni nimemkalisha Jackton mezani na chupa. Nimemwonyesha jinsi ya kuchemsha, jinsi ya kujaribu joto kwenye kifundo cha mkono, jinsi ya kuinamisha chupa hewa isiingie, jinsi ya kumweka begani. Kopo la bluu nimelitupa. Unga uko kwenye kopo lake la manjano na kijiko chake.

"Nisikize," nimemwambia. "Mistari miwili, kijiko kimoja. Sema."

"Mistari miwili, kijiko kimoja."

"Mistari minne?"

"Vijiko viwili."

"Na mtu akikuambia unakosea?"

Amefikiri. "Nitamsikiliza kwanza."

Ameitengeneza mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya mikono yangu ili nisiguse. Mzee amekunywa yote. Jackton amempigapiga mgongo, taratibu mno, nikataka kumwambia apige kidogo zaidi, nikanyamaza. Baada ya muda Mzee akacheua.

Chupa saba. Hajalia. Kesho daftari hili naenda nalo kituoni.